Kufundishwa Bure, Kupimwa kwa Dola

Somo la OOP, yaani uprogramu wa klasi na objekti, linauzwa kwa bei zilizopishana mno. Chuo Kikuu cha Helsinki kinalitoa bure. Harvard nao wanalitoa bure, na cheti juu. Pembeni kuna mtihani wa dola 245 na mwingine wa 295. Kuna kozi fupi za vyuo vya mtaani, kuna stashahada, na kuna kambi za mafunzo za Nairobi na Dar es Salaam ambazo mzazi akitajiwa ada yake huomba kwanza akafikiri. Ukizifungua bidhaa zote hizi unakuta mada zilezile ndani: klasi, objekti, konstrakta, kuficha data, urithi, na methodi yenye jina moja inayofanya kazi tofauti kutegemea objekti iliyoitwa. Mada hizo hazijahama sana tangu Java ilipotolewa mwaka 1995. Hakuna chuo chenye urithi wa klasi ulio mtamu kuliko wa chuo jirani.

Sasa mnunuzi analipia nini? Mimi naona analipia kupimwa. Kufundishwa kumeshakuwa bure kwa yeyote mwenye intaneti na Kiingereza cha kusomea. Kinachotofautisha dola sifuri na dola 295 ni nani atakayeipitia kodi ya programu yako, ataipitia kwa namna gani, na karatasi atakayokupa itaaminiwa na nani. Kwa hiyo anayelinganisha bei asianze na orodha ya mada wala picha za madarasa yenye viyoyozi. Aanze na swali la mwisho: nikimaliza, nitapimwaje?

Swali hili lina historia yake. Mwaka 2001 kikundi cha watafiti kilichoongozwa na Michael McCracken wa Georgia Tech kiliwapa wanafunzi 216 wa vyuo vikuu vinne kazi ya kuandika programu ndogo ya kikokotoo. Wanafunzi hao walikuwa mwishoni mwa masomo yao ya kwanza ya uprogramu. Wastani wao ulikuwa alama 22.89 kati ya 110. Miaka mitatu baadaye kikundi kingine, cha Raymond Lister, kikaonyesha kwamba wengi hukwama hata kabla ya kufika kwenye kuandika: ukiwapa kodi fupi waisome na waseme itatoa nini, wanababaika. Kuhudhuria ni jambo moja, kuweza ni jingine, na kati yake ndipo watu wanapoliwa hela.

Tuangalie swali lenyewe kwa karibu, maana bila kuliona mtu hawezi kujua ananunua kipimo cha aina gani. Hii ni Python, na mtu wa mwezi wa pili anaweza kuisoma:

class Kibubu:
    michango = []

    def weka(self, kiasi):
        self.michango.append(kiasi)

cha_asha = Kibubu()
cha_juma = Kibubu()
cha_asha.weka(5000)
print(cha_juma.michango)

Asha kaweka elfu tano kwenye kibubu chake. Juma hajaweka kitu. Mstari wa mwisho unauliza cha Juma kina nini. Wanaoanza wengi hujibu kwamba ni kitupu. Kompyuta inaandika [5000]. Sababu ni kwamba orodha ya michango imeandikwa kwenye klasi yenyewe, kwa hiyo vibubu vyote, hata viwe mia, vinatumia orodha moja. Dawa yake ni kuipa kila objekti orodha yake ndani ya konstrakta, kwa mstari mmoja tu: self.michango = []. Aliyelielewa hili ameelewa tofauti ya klasi na objekti, na tofauti hiyo ndiyo nusu ya somo.

Kosa hili linaweza kupimwa kwa njia tatu, na kila njia ina bei yake sokoni. Njia ya kwanza ni kumwonyesha mtu kodi na majibu manne achague. Hapo unapima kusoma. Njia ya pili ni kumwambia aandike klasi mwenyewe, kisha mashine iijaribu: itengeneze vibubu viwili, iweke hela kwenye kimoja, ichungulie kingine. Hapo unapima kama kodi inafanya kazi, ingawa aliyetunga jaribio akisahau kutengeneza kibubu cha pili, kosa litapita na mwanafunzi atapewa alama zote. Njia ya tatu ni mtu kukaa na mtu. Huyu ataona lile kosa, halafu atauliza jambo ambalo mashine haikuuliza: mbona orodha umeiacha wazi, yeyote anaweza kuingia na kufuta michango ya Juma bila kupitia methodi yoyote? Hilo ni swali la usanifu, na OOP iliingia duniani kwa ajili ya maswali ya namna hiyo.

Nikianza na kozi zinazopimwa na mashine, kozi ya Java ya Helsinki ndiyo ninayoiweka mbele ya zote kwa mtu mwenye laptopu. Ina sehemu 14, zimegawanywa kozi mbili. OOP inaanza mapema, sehemu ya 4, na urithi unakuja sehemu ya 9, mtu akiwa ameshaandika klasi nyingi ndogo kwa mkono wake. Mazoezi yake ni mengi na mafupi, na kila zoezi lina majaribio yake: unabonyeza, unaambiwa hapohapo ni jaribio gani limeanguka na kwa nini. Jambo ambalo watu hawalitaji lakini mfuko unalihisi ni kwamba masomo ya Helsinki ni maandishi, si video. Kwa anayenunua bando la wiki, hiyo ni tofauti kubwa. Unafungua ukurasa, unashusha mazoezi, unakaa nayo jioni nzima hela ikiwa imetulia. Wana kozi ya Python pia, nayo ya sehemu 14, ila humo objekti zinakuja kwa uzito kuanzia sehemu ya 8, yaani nusu ya pili. Anayeishia nusu ya kwanza akaona amemaliza Python hajaigusa OOP.

CS50P ya Harvard, inayofundishwa na David Malan, ni ya tabia nyingine. Hii ni video, na Malan ni mwalimu anayejua kulishika darasa. OOP ni wiki moja tu, ile iliyopewa namba 8, kati ya wiki kumi zinazohesabiwa kuanzia sifuri. Moja ya mazoezi ya wiki hiyo ni mtungi wa biskuti: unaandika klasi ya mtungi wenye ujazo maalumu, wenye methodi ya kuweka na methodi ya kutoa, na mtu akijaribu kuzidisha ujazo au kutoa zaidi ya zilizomo, programu ikatae kwa kosa linaloeleweka. Ni zoezi zuri sana, na mtu wa kibubu atajiona yuko nyumbani. Ila ni wiki moja. Ukimaliza mazoezi yote na mradi wa mwisho, CS50 wenyewe wanakupa cheti bure. Kuna kingine kinachouzwa kupitia edX kwa dola, kinachothibitisha kitambulisho chako. Masomo ni yaleyale neno kwa neno. Kama hakuna mwajiri wala chuo kilichokudai hicho cha kulipia, sioni sababu ya kukinunua.

Gharama ya CS50P iko kwenye bando. Video ni ndefu, na mazoezi yamepangwa yafanyike kwenye kivinjari, kwa hiyo intaneti ikikatika kazi inasimama. Mwenye waifai ya ofisini au ya chuoni hatalisikia hili. Anayewasha data ya simu kugawia laptopu apige hesabu kwanza: ashushe video kwa ubora wa chini zaidi, au asome maandishi ya somo na kurukia mazoezi.

Baada ya hapo ndipo tunaingia kwenye dola. Ili tuelewane, nachukua dola moja kwa shilingi 2,500 za Tanzania au 130 za Kenya. Ni kiwango cha kupigia hesabu tu, chako utakitazama siku ya kulipa, na bei za mitihani pia ukazitazame upya siku hiyohiyo.

Taasisi ya Python Institute ina mitihani miwili inayowachanganya watu. Wa kwanza, PCEP, ni dola 59, sawa na shilingi 147,500 za Tanzania au 7,670 za Kenya. Una maswali 30 kwa dakika 40. Wengi huukimbilia kwa sababu ni rahisi mfukoni, wakidhani watapata cheti cha Python chenye kila kitu. Mtihani huo haupimi klasi hata kidogo. Unaishia kwenye vitanzi, orodha, fanksheni na makosa. Ukitaka kupimwa OOP unaulipia ule wa pili, PCAP: dola 295, yaani shilingi 737,500 au 38,350, kwa maswali 40 ndani ya dakika 65, na kupita ni asilimia 70. Ndani yake OOP peke yake ina uzito wa asilimia 34, sehemu kubwa kuliko nyingine yoyote. Hakuna namna ya kupita kwa raha huku umeiruka.

Lakini PCAP ina mlango wa uani. Masomo yake rasmi, Python Essentials 1 na 2, yanatolewa bure kupitia Cisco Networking Academy, na anayemaliza lile la pili kwa kiwango kinachotakiwa hupewa punguzo la asilimia 50 la mtihani. Bei inashuka hadi dola 147.50, shilingi 368,750 au 19,175. Kulipa bei kamili huku njia hiyo ipo wazi ni kutupa hela. Somo lenyewe linakupitisha palepale mtihani unapokwenda, na lile swali la kibubu, la kitu cha klasi dhidi ya kitu cha objekti, limo ndani yake waziwazi.

Oracle wana ngazi zao za Java. Ule wa mwanzo, unaoitwa Java Foundations, umekuwa ukiuzwa kwa karibu dola 95, na wa ngazi ya kitaalamu kwa dola 245, sawa na shilingi 612,500 au 31,850. Wa Java 17, kwa mfano, ni maswali 50 kwa dakika 90, na kupita ni asilimia 68. Huo wa pili si wa anayeanza, hata tovuti ya chuo cha jirani ikisema vinginevyo. Unauliza vipengele vya lugha ambavyo hata mwandishi wa kodi wa miaka mitano huvisoma upya usiku wa kuamkia mtihani. Mtu wa miezi sita anayeuingia anajipeleka kukariri. Atapita pengine, ila kipimo kitakuwa kimepima kumbukumbu yake ya majibu.

Mitihani hii yote, ya Python Institute na ya Oracle, inapima kusoma kuliko kuandika. Sisemi hilo kwa dharau. Kusoma kodi ndicho kile ambacho kikundi cha Lister kiliwakuta watu hawakiwezi, na swali zuri la kuchagua jibu linaweza kumuumbua mtu aliyekuwa anadesa kazi za wenzake. Ila usitegemee mtihani wa kuchagua jibu uonyeshe kama unaweza kukaa mbele ya skrini tupu ukaamua mfumo wa zahanati unahitaji klasi ngapi, na kipi kibaki ndani ya ipi.

Mzazi mwenye mtoto wa A Level ya Cambridge, somo la Computer Science namba 9618, asinunue kitu. Karatasi ya 4 ya mtihani huo hufanyika kwenye kompyuta kwa saa mbili na nusu, alama 75, kwa Java, Python au Visual Basic, na kuandika klasi zenye konstrakta na urithi ni sehemu ya kawaida ya karatasi hiyo. Mtoto anapimwa vizuri kuliko wanaolipa dola. Anachohitaji ni mazoezi ya karatasi za miaka iliyopita, saa ikiwa mezani.

Sasa vyuo. Hapa ndipo hela nyingi za Afrika Mashariki zinapokwenda, na hapa ndipo mnunuzi anapouliza maswali machache kuliko anaponunua friji. Tanzania kozi za cheti na stashahada zinasimamiwa na NACTVET kwa ngazi za NTA, ya 4 hadi ya 6. Digrii ziko chini ya TCU. Kenya kuna TVETA kwa vyuo vya ufundi na CUE kwa vyuo vikuu. Usajili ni jambo la dakika tano kuhakiki, na chuo kisichosajiliwa kikikwambia usajili uko njiani, uache ufike kwanza. Lakini usajili hautakwambia OOP inapimwaje. Hilo uliulize pale mapokezi, na wakishindwa kulijibu uombe kuonana na mwalimu mwenyewe.

Uliza mtihani wa OOP unafanyika kwenye kompyuta au kwenye karatasi. Vyuo vingi bado vinawapa wanafunzi karatasi na kalamu waandike klasi ya Java kwa mkono, na msahihishaji akakata alama kwa nukta mkato iliyosahauliwa. Kosa hilo kompyuta ingelionyesha kwa mstari mwekundu kabla mtu hajapumua. Mwanafunzi anapata sapu kwa ajili ya alama za uandishi, mwenzake aliyekariri ukurasa wa kitabu anapita. Uliza pia kama kuna mradi, na kama kuna kuutetea mbele ya mwalimu. Hapo ndipo chuo kinaweza kukupa kitu ambacho Helsinki na Harvard hawakupi kwa bure yao: mtu anayekuuliza kwa nini. Chuo chenye darasa dogo na mwalimu anayepitia mradi mmoja mmoja kinastahili ada yake. Chuo chenye wanafunzi themanini kwenye maabara ya kompyuta ishirini kinakuuzia cheti. Kama cheti ndicho unachokitafuta, kwa ajili ya kupanda daraja kazini au kuombea kazi serikalini, basi ni sawa, ununue ukijua.

Jambo hili la kuulizwa kwa nini limepanda thamani ghafla. Tangu ChatGPT ije, zoezi la nyumbani la klasi ya akaunti ya benki linaandikwa kwa sekunde, konstrakta, urithi na maelezo vikiwa vimepangwa vizuri kuliko anavyoandika mwalimu. Majaribio ya mashine yanapita yote. Wanaofanya usaili wanalijua hilo, kwa hiyo wanakuwekea kodi mezani na kukwambia, haya, tueleze, na tukibadilisha hapa nini kitavunjika. Cheti kilichojengwa juu ya mazoezi ya nyumbani peke yake kimepungua uzito, kiwe cha Harvard au cha mtaa wa pili.

Ndiyo maana bidhaa ambayo naiona imepuuzwa kwenye soko hili ni saa za mwalimu binafsi, si za kufundishwa bali za kukaguliwa. Maliza kwanza nusu ya kozi ya bure. Andika programu moja yako mwenyewe yenye klasi nne au tano: daftari la kikoba, ratiba ya daladala, stoo ya duka la dawa. Kisha mtafute mtu anayefanya kazi hii, umlipe saa mbili apitie na wewe mstari kwa mstari. Bei mtapatana, na popote itakapoangukia itakuwa sehemu ndogo ya dola 295. Mwombe asiguse kibodi. Kazi yake ni kuuliza, yako ni kujibu na kurekebisha. Asiye na hela kabisa anaweza kujaribu Exercism, ambayo ni bure na ina wasaidizi wa kujitolea wanaosoma kodi yako na kukuandikia maoni. Majibu yanaweza kuchelewa, na lugha ni Kiingereza, lakini ni macho ya binadamu.

Kuhusu lugha ya kujifunzia, ugomvi wa Java na Python una sura ya gharama ambayo watu hawaiangalii. Kwa miaka mingi Java ilimlazimisha mwanafunzi kutaja klasi kwenye mstari wa kwanza kabisa, kabla hajajua klasi ni mnyama gani. Java 25, iliyotoka Septemba 2025, imeondoa sharti hilo kwa programu ndogo, na ule msururu wa public static void main hauhitajiki tena mwanzoni. Hata hivyo Java bado ni kali pale panapotakiwa ukali: ukiandika private, mtu wa nje haingii, na kompyuta inagoma hapohapo. Python inaamini uungwana. Alama ya mstari wa chini mbele ya jina inasema tafadhali usiguse, na anayetaka kugusa anagusa. Kwa kujifunza kuficha data, ukali wa Java ni mwalimu mzuri. Kwa mtu mwenye simu peke yake, Python ndiyo inayowezekana: Pydroid 3 inaendesha Python kwenye simu ya Android bila intaneti, na kile kibubu hapo juu kitafanya kazi humo kama kilivyo. Kuandika klasi ndefu kwa kidole gumba ni mateso, nakiri, lakini miezi miwili ya mwanzo inavumilika.

Kwenye laptopu, usikubali muuzaji akuingize kwenye mashine ya bei mbaya kwa kisingizio cha uprogramu. Somo la utangulizi halina mzigo mkubwa. Laptopu iliyotumika yenye RAM ya GB 8 inatosha hata ukitumia programu nzito kama IntelliJ IDEA, ambayo inaweza kutumika bila malipo. Kwenye mashine dhaifu zaidi weka BlueJ, iliyobuniwa na Michael Kölling na John Rosenberg mahsusi kwa wanaoanza Java. Ni ya bure, na ina jambo ambalo programu za kitaalamu hazina: unabofya klasi, unatengeneza objekti kwa mkono, na objekti inatokea chini ya skrini kama kisanduku chekundu. Unaweza kukifungua ukaona ndani kuna thamani gani, ukaita methodi, ukafungua tena ukaona nini kimebadilika. Vibubu viwili vikikaa pale kila kimoja na kisanduku chake, mtu anaacha kuuliza objekti ni nini. Betri ndiyo ya kuikagua dukani kabla ya kulipa. Laptopu nyingi za mitumba zinazima dakika chache baada ya kuchomolewa, na umeme wetu unajulikana.

Coursera na wenzake wanaolipisha kwa mwezi nawapitia haraka. Kozi ni nzuri, zipo za OOP kwa Java kutoka Chuo Kikuu cha California cha San Diego na Duke, lakini malipo ya mwezi yanakwenda usome usisome. Mwenye kazi na familia hulipia miezi mitatu ya kutofungua. Omba msaada wa ada, wanautoa kwa wanaojieleza vizuri, na subiri jibu kabla ya kuingiza kadi.

Na kadi yenyewe si kikwazo kama zamani. Kenya kuna M-PESA GlobalPay ya Safaricom na Visa tangu 2022, na Tanzania kadi za mtandaoni za pochi za simu zinalipa tovuti za nje. Angalia makato na kiwango cha kubadilishia fedha kabla ya kuthibitisha, kwa sababu mtihani wa dola 147.50 unaweza kukutoka kwa zaidi ya ulivyopiga hesabu.

Mimi ningekuwa na shilingi laki nne za Tanzania na laptopu ya kawaida, ningefanya Helsinki ya Java hadi sehemu ya 10, ningelipa laki moja kwa mtu wa kunikagua mara mbili, na laki tatu ningeziacha kwanza. Zikibaki mpaka mwajiri ataje cheti kwa jina, ningepitia Python Essentials 2, nichukue punguzo, nikaongeza kidogo nikafanya PCAP. Ningekuwa na milioni moja na nusu na nimemaliza kidato cha sita bila mpango, ningepeleka hela hiyo kwenye chuo kilichosajiliwa, chenye mradi wa kuutetea, na Helsinki ningeifanya usiku.

Kabla ya kulipia mtihani wowote, soma masharti ya kurudia ukifeli, maana hayafanani. Hakikisha pia jina kwenye akaunti yako linalingana herufi kwa herufi na la kitambulisho cha taifa au pasipoti. Mitihani inayosimamiwa kwa kamera huanza kwa kuonyesha kitambulisho, na aliyejisajili kwa jina la utani la Facebook anaweza kuzuiwa mlangoni, ada ikiwa imeshakatwa.